Tabora: Njia ya misafara, njia ya watoto wetu

ANAYETOKA Tabora mjini kwenda Kwihara, mwendo wa kilomita kama sita, hupita kwenye kivuli cha miembe mikubwa. Wazee husimulia kuwa kokwa zake zilidondoshwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimaliza kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30. Kwihara ndiko iliko nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na lami ikaja baadaye, lakini mji haujaacha kutembea. Asubuhi wanafunzi wa Ng'ambo, Isevya na Cheyo huenda shule kwa miguu, wakipishana na baiskeli, bodaboda na bajaji. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, mtoto ana mawili tu: mtaroni au barabarani.

Msafara wa zamani ulikuwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele kwa sababu aliijua njia. Mtoto wa darasa la kwanza hana kirangozi. Lakini yeye mwenyewe anajua pale pikipiki zinapokata kona kwa kasi, na pale maji ya mvua yanapomsukuma barabarani.

Dar es Salaam wameonyesha thamani ya kuwasikiliza watoto hao. Shirika la Amend, kupitia mpango wake uitwao SARSAI, hufika kwenye shule ambazo wanafunzi wake hugongwa mara nyingi, likawauliza walimu, wazazi na watoto wenyewe hatari iko wapi. Kisha hujengwa vitu vya kawaida: matuta, vivuko, alama, njia ya miguu. Pengine geti la shule huhamishiwa upande wenye magari machache. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, yenye dola 250,000 za Marekani.

Mzazi wa Tabora anaweza kuanza bila dola hata moja. Atembee na mwanawe siku moja hadi shuleni, mwendo wa mtoto, bila haraka. Waandike kila mahali mtoto aliposita. Wazazi watano wakifanya hivyo, orodha zao zitakutana kwenye kona zilezile.

Orodha hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa, isomwe na iingie kwenye muhtasari, kisha diwani aifikishe halmashauri. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, hivyo ni vema kujua mapema ombi linakwenda kwa nani. Ombi la "barabara nzuri" ni rahisi kuwekwa kando. Ombi la tuta moja, mbele ya shule fulani, lenye saini za wazazi, ni gumu kulisahau.