Klia Haioti Tena

Ile mikwaruzo ya duara unayoiona juani kwenye boneti nyeusi si ya duara. Chukua tochi, isogeze taratibu juu ya boneti, uangalie: maduara yanaifuata tochi. Ukienda nayo kushoto yanakwenda kushoto, ukiishusha karibu na taa ya mbele nayo yanashuka. Boneti yenyewe imejaa vijistari vilivyoelekea kila upande. Jicho hupokea mng'ao wa vile tu vilivyoukingama mwanga, vilivyobaki havionekani, na vile vinavyong'aa ndivyo vinavyojipanga kuizunguka taa. Wateja wanauita utando wa buibui, na karibu wote wanamlaumu kijana wa kuosha magari kwamba alikuwa akizungusha kitambaa. Kijana anahusika, sikatai, ila hata angefuta kwa mistari iliyonyooka, utando ungekuwa uleule. Kinachochora ni mchanga uliobanwa kati ya kitambaa na rangi.

Nimeanza na hilo kwa sababu kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kupiga magari polishi kwa mashine, na watu wengi wanaielewa kinyume. Wanadhani ninaongeza kitu: dawa inapakwa, inaingia, mikwaruzo inaziba, gari linang'aa. Mimi napunguza. Mkwaruzo ni mfereji, nami sina cha kuufukia kikadumu. Ninachofanya ni kuushusha uso wote unaouzunguka mpaka ulingane na chini ya mfereji. Ule unga mweupe unaonasa kwenye pedi si polishi peke yake. Humo ndani mna rangi ya gari la mtu.

Sasa tuone kuna kiasi gani cha kupunguza. Bati likitoka kiwandani limevaa tabaka nne: ya kuzuia kutu, inayopakwa kwa umeme bodi ikiwa imezamishwa ndani ya dawa, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ambayo haina rangi ila ndiyo inayong'aa. Kwa magari mengi ya Kijapani tunayoendesha hapa, tabaka zote nne zikijumlishwa zinasoma kati ya mikroni 90 na 140. Mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Klia peke yake inaweza kuwa 40 tu, na unywele wa kichwani una unene wa kama 70. Yaani kitu ninachokisaga kwa mashine ni chembamba kuliko unywele. Polishi ya kukata ikipigwa sawasawa inaondoka na mikroni mbili tatu, nyepesi inaondoka na moja au pungufu. Kwenye hizo 40 huwezi kuchukua zote, kwa sababu ndani ya klia mna dawa za kuzuia miale ya jua. Ukiipunguza mno, jua linashuka hadi kwenye rangi, na baada ya muda klia inaanza kubabuka vipande vipande juu ya paa na boneti. Ikishafika hapo mimi sina kazi tena, mpeleke kwa fundi rangi. Kila mwezi huja mtu na boneti iliyobabuka akiomba niipige mpaka iwe sawa, na namwambia kila nikigusa nabomoa zaidi.

Kipimo cha rangi ni kifaa kidogo kinachokaa mkononi. Kwenye bati la chuma kinatumia sumaku, kwenye alumini kinatumia mikondo ya umeme, na kwenye bampa la plastiki hakisemi kitu. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kinatoa jumla. Kinasoma 105, hakisemi klia ni ngapi humo. Kwa hiyo nalisoma gari zima, paa, milango yote, mabawa, ndani ya fremu ya mlango ambako mashine haifiki, halafu nalinganisha. Fremu ikisoma 110 na boneti ikasoma 88, najua kuna mtu alishapita hapo kabla yangu, na alikula vizuri.

Na kwa kawaida amepita. Gari letu la wastani halikuzaliwa jana. Lilimilikiwa Japani, likapelekwa mnadani likiwa limeng'arishwa, likavuka bahari, likashushwa bandarini, likakaa yadi juani, likang'arishwa tena ili liuzwe. Mteja anapolileta kwangu akisema ni jipya, jipya ni kwake. Ndiyo maana huwa naomba ile karatasi ya mnada kama anayo. Kile kimchoro cha gari kilichojaa herufi, watu wanakitupa, nami nakisoma kuliko wanavyokisoma walionunua. A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa, U ni bonde, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ninayoitafuta mimi ni W: hapo palinyooshwa na kupakwa rangi upya. Mlango wenye W2 mara nyingi kipimo kinauonyesha 200 na zaidi, na ukiona 700 au 1,000, chini yake kuna puti. Rangi nene isikudanganye ukadhani ni salama. Rangi ya gereji huwa laini kuliko ya kiwandani iliyookwa kwa joto kali, na inakatika kwa kasi yake yenyewe.

Kuhusu mashine. Zipo za aina mbili. Ile ya zamani inazunguka kwenye mhimili mmoja, kuanzia kama mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika. Inakata haraka, inapasha moto haraka, na mkono usipokuwa mtulivu inaacha mawimbi ya mwanga yanayotembea juani, ambayo mafundi tunayaita hologramu. Ya pili pedi inazunguka huku kitovu chake nacho kikicheza duara dogo, milimita 15 au 21 kwenye mashine ambazo Rupes wa Italia walizifanya zienee. Hii haiachi alama kirahisi, ila kwenye kona na mikunjo ya bodi pedi hugoma kuzunguka ikabaki kutetemeka tu, na hapo unajichosha bure. Dawa yake ni kuchora mstari wa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani inayoshika pedi. Mstari ukionekana umesimama, punguza mkandamizo au inyooshe mashine. Vijana wanaotumia grinda waliyoifunga manyoya sina la kuwaambia. Grinda ndogo inakwenda mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Imetengenezwa kukata chuma.

Mimi nazitumia zote mbili, na sioni aibu kusema ile ya zamani ndiyo inayoonyesha nani fundi. Lakini gari la mteja si uwanja wa kujionyesha, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku ninashika ile ya pili.

Kabla ya mashine kuna kuosha, kisha dawa ya chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikikutana na vumbi la breki, kisha udongo maalumu wa kuvuta uchafu ulionasa. Hapo sikai sana. Ninapokaa ni kwenye jaribio. Nachagua mraba wa sentimita 40 hivi katikati ya boneti, naanza na pedi laini na polishi ya kumalizia, nafuta, naangalia kwa taa. Isipotosha ndipo napanda ngazi moja. Fundi mwenye haraka huanza juu, na pedi ya manyoya na polishi kali, kwa kuwa matokeo yanaonekana mapema. Hajui kama pedi laini ingetosha, na hatajua kamwe, kwa kuwa klia ameshaichukua.

Hapo ndipo unapojua rangi ni ngumu au laini. Toyota nyeusi yenye namba ya rangi 202, iliyoandikwa kwenye kibati baada ya maneno C/TR, ni laini mno. Unaitoa mikwaruzo kwa urahisi, halafu kitambaa chako mwenyewe cha kufutia kinairudisha. Subaru nazo ni vivyo hivyo. Mercedes za kuanzia 2003 hivi na kuendelea, walipoanza kuweka klia yenye chembe za seramiki, unaweza kusugua asubuhi nzima na polishi iliyomaliza Subaru kwa dakika kumi, ukaona imecheka tu.

Na nyeupe ile ya 040 ina mambo yake. Nyingi hazina klia kabisa. Rangi na mng'ao ni tabaka moja, kwa hiyo pedi inatoka nyeupe pee. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akiangalia, akasimama.

"Fundi, unanitoa rangi!"

"Ndiyo, mzee wangu, ninaitoa. Hii haina klia. Ile iliyopauka juu ndiyo inayotoka."

"Na ikiisha?"

Hilo ndilo swali ninalopenda kuulizwa, na wateja wengi hawaliulizi. Nilimwonyesha kipimo, boneti 118, nikamwambia leo tutatumia mbili. Akakaa chini, ila hakuacha kuhesabu.

Hali ya hewa yetu inastahili sura yake. Polishi nyingi zimeandikiwa karakana zenye kivuli na ubaridi. Hapa saa saba mchana boneti nyeusi iliyokaa juani huwezi kuiwekea kiganja. Polishi inakaukia hapohapo, inageuka unga, na unga huo mkavu ndio unaochora upya. Kwa hiyo naanza saa kumi na mbili alfajiri, nasimama jua likipanda, narudi jioni chini ya turubai. Natumia polishi kidogo kuliko chupa inavyoagiza, na pedi naisafisha kwa upepo wa kompresa kila baada ya kipande. Bampa nalipa nafasi ya kupoa kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati, klia inalainika na kuvutika. Kingo na mikunjo nazibandika tepu. Kwenye kingo kali rangi huwa nyembamba tangu kiwandani, na hapohapo ndipo uzito wote wa mashine unapokusanyika. Umeme ukikatika nakaa. Jenereta inayopanda na kushuka inabadilisha kasi ya mashine mkononi, na siipendi.

Kuna mikwaruzo siigusi. Pitisha ukucha. Ukikwama, mara nyingi mkwaruzo umevuka sehemu ya klia inayoweza kuguswa, na nikiufuata hadi chini nitaacha shimo pana la klia nyembamba ambalo litababuka baadaye. Nalainisha kingo zake ili usirudishe mwanga kwa ukali, basi. Utaonekana ukiinama. Ukisimama wima hutauona.

Wengine huahidi kuutoa wote, na kwa saa chache unatoka kweli. Zipo dawa zenye mafuta na nta zinazojaza mifereji, gari likatoka yadi linawaka, kisha mwezi mmoja na shampuu mara kadhaa, utando wote uko palepale. Kulijua ni rahisi: kipande kimoja kifute kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia, uangalie kwa tochi. Mimi nafuta hivyo mbele ya mteja kabla hajalipa. Sijaona sababu ya muuzaji kukataa mnunuzi afanye vilevile yadini, lakini wanakataa.

Siku hizi wengi wanaomba kotingi ya seramiki, wakiwa wameambiwa ni 9H na haikwaruziki. 9H hiyo ni kipimo cha penseli. Maana yake penseli ngumu kuliko zote kwenye seti haikuichora. Mchanga ni kwarizi, na kwarizi kwa kipimo cha wanajiolojia ni 7 kati ya 10, ngumu kuliko chuma cha kawaida, seuze klia ambayo ni plastiki. Kotingi inafukuza maji na uchafu hautoki kwa shida, hilo ni kweli na ni faida. Ila ukiipangusa kavu asubuhi kwa lile tambara lililokaa chini ya kiti wiki nzima, utando utaurudisha. Wateja wangu nawaambia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, maji mengi kwanza ili mchanga udondoke wenyewe, kukausha kwa taulo nene la maikrofaiba, na maji ya kisima yenye chumvi yasiachwe yakauke juani. Wengi wanaitikia vizuri. Wanarudi na tambara lilelile.

Ndiyo maana nilianza kuandika kadi. Kila gari likitoka kwangu lina karatasi ngumu yenye mchoro, namba za kipimo kila kipande, na tarehe, ya kuwekwa pamoja na kadi ya gari. Atakayelinunua kesho na fundi atakayelishika watajua kimebaki nini. Mwenye gari akirudi anataka tena ling'ae kwa ajili ya harusi, naitoa kadi, tunaisoma pamoja, na mara nyingi tunakubaliana paa liachwe, milango ipigwe nyepesi.

Madalali ndio wasioipenda. Mmoja, kijana mwerevu anayeniletea kazi nyingi, alinivuta pembeni.

"Kaka, wewe ling'arishe tu. Hizo namba za nini? Mteja ataanza maswali."

"Ataanza."

"Basi niandikie yenye boneti mia na kumi."

"Boneti yako ni 79, mdogo wangu. Hiyo hata polishi siipigi. Nitaiosha, nitaipaka nta, na 79 nitaiandika."

Alinuna, akalipeleka kwa mwingine. Wiki iliyofuata alileta lingine, jeupe, akiwa na karatasi yake ya mnada mkononi, akaniuliza W1 pale kwenye bawa la nyuma maana yake nini.