Picha ni tamu, lakini wenyeji wako wapi?

Msomaji mpenzi, hebu itazame kalenda iliyoning'inia ukutani mwako. Huenda ina Mlima Kilimanjaro, kofia yake nyeupe kileleni, mgunga mmoja mbele yake na tembo wawili watatu wakijipitia. Sasa nikuulize: umewahi kuona mtu katika picha ya namna hiyo? Mchungaji, je? Mama aliyebeba kuni? La hasha! Ukiitazama utadhani nchi hii iliumbwa jana jioni na binadamu bado hajaletwa.

Swali hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Amboseli, nilikokaa siku tatu na kundi la watu waliokuja kufunzwa kupiga picha za mandhari. Katika safari za aina hii mgeni hulipa, akapewa malazi katika loji ya kifahari, mwalimu wa picha, gari lenye paa la kufunguka na mwelekezi anayeijua nchi ile kama kiganja cha mkono wake. Mimi nilikwenda kwa kazi ya kalamu, maana mfuko wangu usingethubutu. Hema nililopewa lilikuwa na kitanda cha kutosha familia nzima na bafu la maji moto. Bei ya usiku mmoja ingemlipia mtoto karo ya muhula katika shule nyingi za bweni.

Hata hivyo, masomo yenyewe yalikuwa matamu. Tuliamshwa saa kumi na moja alfajiri, tukanywa chai tukiwa wima, tukaondoka gizani. Mwalimu, Mzungu wa makamo, alitueleza kwamba huku karibu na ikweta jua hupanda wima kama mtu apandaye ngazi, wala halijikokoti kando ya upeo wa macho kama lifanyavyo kwao Ulaya. Kwa hivyo ule mwanga wa dhahabu unaotafutwa na kila mpiga picha haudumu. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, na saa moja baadaye rangi zimeanza kukauka.

Mlima nao una aibu zake. Hujitokeza alfajiri, kisha mawingu huufunika, na pengine usiuone tena hadi jioni. Kwa kuwa uko kusini mwa mbuga, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, jua la asubuhi huupiga ubavuni, na hapo ndipo mabonde na makunjo yake huonekana. Tulifunzwa kuisimamisha kamera juu ya miguu mitatu ili isitikisike, kupunguza tundu la lenzi ili vya karibu na vya mbali vyote vionekane wazi, na kutoukata upeo wa macho katikati ya picha.

Siku ya pili tulipiga kambi ya asubuhi nje ya mbuga, kwenye ardhi ya malisho ya Wamaasai. Kila mtu alikuwa amekwisha kuielekeza kamera yake mlimani. Mara vumbi likatifuka, na kundi la ng'ombe likatokea likiongozwa na mvulana wa miaka kama kumi na miwili hivi. Mgeni mmoja akamwita mwelekezi wetu, kijana Mmaasai aliyezaliwa papo hapo, akamwomba amwambie mvulana yule asimame kando na mifugo yake mpaka picha ipigwe.

Mwelekezi alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa upole: "Bwana, mlima hauna haraka. Ng'ombe wana kiu."

Ng'ombe wakapita. Mgeni akangoja vumbi litulie, akapiga picha yake.

Jioni, baada ya chakula, picha zetu zilioneshwa kwenye skrini na kila mtu akatakiwa kuieleza yake. Yule mgeni alisimama akasema yake inaionesha Afrika kabla ya binadamu. Na kwa kweli ilikuwa picha nzuri. Mwelekezi akaomba ruhusa, akaisogelea skrini, akaweka kidole juu ya mstari mwembamba mweupe uliokata nyasi hadi chini ya mlima. "Samahani, bwana," akasema. "Hii ni njia ya ng'ombe. Mjomba wangu ameipita tangu kabla sijazaliwa."

Chumba kizima kilikuwa kimya.

Msomaji, usidhani hili ni jambo dogo la picha. Jina lenyewe Amboseli limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi la chumvi. Walioliita hivyo ndio walioishi humo, wakinywesha mifugo yao kwenye vinamasi vinavyolishwa na maji yatokayo mlimani chini kwa chini. Mwaka 1974 sehemu ile yenye vinamasi, eneo la kilomita 392 za mraba, ilifanywa mbuga ya taifa. Wafugaji waliahidiwa maji ya mabomba nje ya mipaka yake, na mabomba hayo yakawa yanaharibika mara kwa mara. Mbuga ile imetuhifadhia tembo wanaojulikana dunia nzima, nami sisemi ifutwe. Lakini pahali palipoonekana kuwa patupu palikuwa na wenyewe.

Picha ina nguvu kuliko tunavyofikiri. Kule Marekani, picha ambazo Ansel Adams alizipiga katika milima ya Sierra Nevada zilisaidia kuwashawishi wakuu wa serikali, na mwaka 1940 Kings Canyon ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Iwapo picha yaweza kuipatia nchi ulinzi, basi yaweza pia kuwasahaulisha watu kwamba nchi hiyo ina wenyewe. Asiyeonekana pichani ni rahisi kumsahau mezani.

Picha ni shahidi vilevile. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kiasi cha kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2007, zaidi ya asilimia 80 ya barafu hiyo ilikuwa imetoweka. Ile kofia nyeupe ya kalenda inazidi kuwa kibandiko. Tunaulinganisha mlima wa leo na ule wa zamani kwa sababu kuna waliopiga picha wakaziweka.

Asubuhi ya tatu yule mgeni alitushangaza. Alipomwona tena mvulana na ng'ombe wake, aliweka kamera chini akamwomba mwelekezi amtakie ruhusa ya kumpiga picha. Mvulana alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza swali moja tu: picha hiyo itakwenda wapi? Mgeni alifikiri kwa muda, akakosa jibu. Mvulana akatabasamu, akawachapa ng'ombe, akaenda zake. Picha haikupigwa.

Sasa wewe mzazi wa Buruburu au Kisauni, nawe mwanafunzi unayesoma haya ukisema loji si za akina sisi, nakuambia masomo haya hayahitaji loji. Simu uliyo nayo mfukoni inatosha kuanzia. Mbuga ya Nairobi, ya kwanza nchini tangu 1946, iko mlangoni pa jiji, na mkaaji wa Mombasa ana bahari na jua lichomozalo juu yake. Amka mapema na watoto. Waoneshe mwanga unakotoka. Waambie wasogee hatua tano kushoto, waone picha inavyobadilika. Kisha waulize maswali ambayo kalenda haiwaulizi: mahali hapa panaitwaje, ni nani aliyepaita hivyo, na ni nani anayepita hapa kila siku?

Na wakitaka kumpiga mtu picha, wamwombe kwanza. Wawe na jibu tayari akiwauliza itakwenda wapi.