Pipa la Mchirizini

Katika miaka ya 1980 maji ya bomba ya Mto Ruvu yalikuwa hayajaifikia sehemu kubwa ya Mbagala. Watu walichota visimani, na visima vingi vya upande ule wa Dar es Salaam vilikuwa na maji ya chumvi: sabuni haitoi povu, maharage hayaivi upesi, mchicha unadumaa na majani yake yanaungua pembeni. Kwa hiyo mawingu yalipojikusanya mwezi wa tatu, kila chombo ndani ya nyumba kilitolewa nje. Sufuria, beseni, madumu, hata karai la fundi uashi, vyote vilipangwa chini ya mchirizi.

Bibi mmoja wa mtaa ule alikuwa na pipa la chuma la lita 200, lililowahi kubeba mafuta ya mitambo. Mumewe alilikata mdomo kwa patasi na nyundo, akawasha makumbi ndani yake mpaka harufu ikatoka, kisha akalisugua kwa mchanga na majivu. Paa la nyumba lilikuwa la mabati mbele na makuti upande wa uani. Mjukuu aliyekuwa akitumwa kuchota bado anaikumbuka tofauti: maji yaliyotoka kwenye makuti yalikuwa na rangi ya chai na vipande vya majani vikielea juu, na ya kwenye bati yalikuwa meupe. Pipa likakaa upande wa bati.

Maji yale hayakuwa ya bustani hata kidogo. Yalikuwa ya kufulia, ya kupikia maharage na ya kuogeshea watoto wachanga. Mchicha na matembele vilimwagiliwa maji yaliyosuuziwa vyombo, na kiangazi kikikolea viliachwa vife.

Mambo yalianza kugeuka pale biashara ilipolegezwa baada ya 1985, enzi za rais aliyeitwa Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi madukani, mabati yakiwemo, na kidogo kidogo makuti ya uani yakaondolewa. Paa zima likawa la bati, fundi akafunga gata pembeni, na pipa moja likaonekana dogo. Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa kila mwenye bustani aijue: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata takribani milimita 1,100 kwa mwaka. Upande wa paa wenye mita za mraba 30 hupokea zaidi ya lita 30,000, na hata ukitoa yanayoruka na kukauka, bado yanajaza zaidi ya mapipa 120. Mvua ya milimita 10, ambayo wala haimzuii mtu kwenda sokoni, inatosha kujaza pipa na kulifurisha.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizolimaliza pipa la chuma. Lilikuwa limekalia mchanga mbichi miaka yote hiyo, na kutu ilikuwa imelila kuanzia chini. Siku lilipotoboka, bibi alifunga safari kwenda kununua la plastiki, yale ya bluu ambayo huingia nchini yakiwa na bidhaa za viwandani, kisha huuzwa matupu. Aliinama akaingiza kichwa kizima ndani, akanusa.

"Mwanangu, hili lilikuwa na nini?"

"Juisi, bibi. Au sabuni."

"Juisi au sabuni?"

Kijana hakuwa na jibu, naye bibi akaliacha. Alikuwa na haki kabisa. Plastiki hufyonza kilichohifadhiwa ndani yake, na pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali ya kiwandani halisafishiki hata ukilisuuza mwaka mzima. Linalofaa ni lile ambalo lebo yake bado inasomeka na kinachosomeka ni chakula. Rangi nayo ina maana yake: pipa linalopenyeza mwanga huota ukijani ndani, jeusi au la bluu iliyokolea hukaa safi kwa muda mrefu. Alirudi na moja lililokuwa la maji ya matunda, na harufu ya embe haikulitoka kwa miezi.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, lililetwa na ugonjwa. Mwaka 2014 homa ya dengue ililipuka Dar es Salaam, ikarudi tena kwa nguvu 2019. Mbu anayeieneza, mwenye miguu ya madoadoa meupe, huuma mchana na hupenda hasa maji yaliyotulia karibu na nyumba za watu. Pipa la wazi chini ya mchirizi ni nyumba yake. Yai huchukua wiki moja hivi, au siku 10, kuwa mbu kamili. Baya zaidi, mayai hugandishwa ukutani mwa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Lazima ukuta usuguliwe kwa brashi ngumu.

Hapo ndipo mjukuu, ambaye sasa bustani ni yake, alipoliacha pipa la wazi moja kwa moja. Kifuniko kikakazwa kwa pete ya chuma. Bomba la gata likaingizwa kwenye tundu lililofunikwa kwa wavu wa matundu madogo uliokunjwa mara mbili, na tundu la kumwagikia likawekewa wavu huohuo. Kata ikapumzika, koki ikafungwa chini. Mtu akiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, anunue kifuniko kizuri kabla ya kufikiria pipa la pili.

Koki ilidai pipa linyanyuliwe. Lita 200 ni kilo 200, na watoto hucheza hapohapo, kwa hiyo tofali zilijengwa kwa saruji badala ya kupangwa tu. Nusu mita ya kimo haisukumi maji mbali, lakini inajaza ndoo vizuri na inatosha kwa mpira uliotobolewa unaolala kando ya mashina. Maji ya paani humwagwa chini, yasiguse majani. Kunguru wa jijini hubeba mifupa na uchafu wa kila aina juu ya mabati, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa iende zake mpaka paa lioshwe.

Oktoba 2022 vuli ilichelewa, Ruvu ikapungua na mgao wa maji ukatangazwa jijini. Mapipa nayo, sasa yakiwa matatu, yalikuwa matupu, maana tuta la mchicha la mita nne hunywa dumu la lita 20 kwa siku, na pipa hulitosha siku 10 tu. Pipa huziba pengo kati ya mvua na mvua, halivuki kiangazi. Baada ya msimu ule aliongeza tangi la lita 1,000 linalojazwa na masika na kufungwa kwa ajili ya miche ya mipapai na ndimu peke yake. Mapipa yote matatu yakaunganishwa kwa mpira chini, yakapanda na kushuka pamoja. Mbegu za mchicha hazisiwi tena kwa mvua ya kwanza ya vuli. Husiwa mapipa yakishajaa.

Sasa mazungumzo ni ya paa la jirani. Halina gata, maji yake yote huchimba mfereji kuelekea barabarani, na mwenyewe hana bustani. Ameridhia bomba livushwe juu ya ukuta, malipo yawe mafungu ya mchicha, na fundi ameshakuja kupima.