Kilema na Ashira, bonde kwa bonde

Ijumaa, 13 Juni 2025, Moshi

Kesho tunapanda mlimani. Mama ameshatoa kitenge kabatini, akakirudisha, akatoa kingine. Anataka tuanzie Kilema alikobatizwa, ndipo twende Ashira alikofunga ndoa na marehemu Baba. Binti yangu kamuuliza, "Bibi, kwani kanisa si moja?" Mama akamjibu, "Kesho utaona, mjukuu wangu."

Jumamosi, 14 Juni, usiku

Wote wamelala. Niandike kabla sijasahau.

Tulikunja kushoto pale njia panda ya Kawawa, na baada ya muda mfupi joto la tambarare likatuacha. Masika yamekwisha juzijuzi tu. Migomba imefunga juu ya barabara, kahawa iko chini yake, maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yanateremka pembeni. Ukungu ulikuwa mzito, mlima wenyewe hatukuuona.

Tukafika Kilema. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1890, enzi za chifu wake, Mangi Fumba, na misheni yao ndiyo ya kwanza ya Kikatoliki huku Kilimanjaro. Walikuja na mibuni pia. Kahawa iliyotusomesha sisi na baba zetu ilianzia kwenye shamba la kanisa, na kila nikiwaza hilo naona sina haki ya kupita hapa kama mtalii. Watu huja kuhiji kwa ajili ya kipande kinachoaminiwa kuwa cha Msalaba wa Yesu. Mama alipiga magoti, akakaa hivyo muda mrefu. Sikumbuki lini nimemwona akipiga ishara ya msalaba. Nyumbani tumelelewa Walutheri.

Nje, kwenye nyasi, alitusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa ukamilifu wake. Baba alipoleta posa, Babu alikataa katakata: binti wa Kilema hawezi kwenda kwa Walutheri. Maneno hayakusaidia kitu. Ndipo wazee wa Marangu wakaja asubuhi na mapema, wamebeba isale. Mchaga akiletewa jani lile anaombwa msamaha au amani, na kulikataa ni jambo zito. Babu alilipokea, akalia, akasema nendeni mkaulize mahari. Kaka yangu aligeuka akatazama migomba. Mimi nilimshika Mama mkono.

Kutoka Kilema hadi Marangu ni mabonde tu, lakini dini zinabadilika hapo. Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliingia mlimani mwaka 1893, wakaanzia Machame, wakaenea Mamba, Marangu na Old Moshi. Kilema, Kibosho na Rombo wakashika Ukatoliki. Mangi alimpokea nani kwanza, ndivyo wajukuu wanavyosali leo. Ugomvi wa Babu na Baba ulipandwa kabla wao hawajazaliwa.

Ashira, huko Marangu, tulifika mchana. Mama alitaka asimame mlangoni aliposimama siku ile, apigwe picha na wajukuu. Nami nilimweleza binti yangu habari ya mwaka 1920, Waingereza walipowafukuza wamisionari wa Kijerumani. Walimu Wachaga ndio waliobaki na kanisa hili la Kilutheri, wakafundisha, wakazika, wakaendesha ibada miaka kadhaa bila Mjerumani yeyote. Nataka alijue hilo mapema. Asije akadhani makanisa haya tuliachiwa tu.

Tulikula ndizi nyama kwa Mama Mkubwa, giza likatukuta njiani.

Jumatatu, 16 Juni

Bado nayawaza makanisa yale mawili. Sehemu nyingi kanisa la zamani linavunjwa ili lijengwe kubwa zaidi, lenye vigae na milango ya alumini. Waumini wameongezeka, nafasi inatakiwa, naelewa. Lakini jengeni pembeni. Ukuta ukishabomolewa, mtoto ataonyeshwa nini?

Jioni nilimwomba Mama arudie habari ya isale, nikamrekodi kwenye simu. Safari hii aliongeza kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na kwamba mama yake ndiye aliyewafungulia wazee mlango wakati Babu bado amenuna ndani. Majina ya wale wazee anayakumbuka, isipokuwa mmoja. Anasema Shangazi wa Mwika atakuwa analijua. Nimpigie kesho asubuhi, kabla hajaenda shambani.