Benchi la katogo, kutoka Bukoba hadi Muleba

Atakaye kuujua mji asianzie kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani. Na aanzie pale ambapo dereva wa lori, utingo wake, fundi mwashi na karani wa ofisi hubanana juu ya benchi moja, kila mmoja na bakuli lake. Hapo ndipo atakapojua wenyeji wanakula nini, wanalipaje, na wanazungumza habari gani kabla ya kutawanyika kwenda kazini.

Kila nchi ina meza yake ya namna hiyo. Wenzetu wa Mexico huoka mikate myembamba ya mahindi, wakatia ndani nyama iliyokatwakatwa, kitunguu na pilipili, na mlaji akala kwa mkono akiwa amesimama kando ya barabara. Chakula hicho huitwa taco. Majirani zetu wa Uganda wana chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, nao wameipa jina la rolex. Mwaka 2016 waliifanyia hata tamasha lake mjini Kampala. Unguja kuna urojo. Na hapa Kagera, katika miji ya Bukoba na Muleba, kuna katogo.

CHUNGU KIMOJA

Bukoba ni mji wa mvua. Kwa mwaka ufuko huu wa Ziwa Viktoria hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000, nayo aghalabu hunyesha asubuhi, ikitokea ziwani upande wa kisiwa cha Musira. Asubuhi ya namna hiyo mtu hahitaji kuuliza mama lishe wako wapi. Moshi wa kuni humwongoza.

Benchi nililokaribia lilikuwa karibu na soko. Lilikuwa na mabati manne juu ya nguzo za miti, meza ndefu ya mbao iliyosuguliwa hadi ikawa nyeupe, na sufuria mbili kubwa zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Mwenye benchi alikuwa mama wa makamo, kitenge kiunoni na kitambaa kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, mvua isikumalize. Nikutilie ya maharage au ya utumbo?"

Katika swali hilo fupi mna maelezo yote ya katogo. Ni chakula cha mchanganyiko: ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa katika chungu kimoja pamoja na kitoweo chake. Kitoweo chaweza kuwa maharage, utumbo wa ng'ombe, nyama, au dagaa wa ziwani. Huongezwa kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta kidogo. Kwa kuwa ndizi na kitoweo huiva pamoja, mchuzi huingia ndani ya ndizi, na mlaji hana haja ya sahani ya pili. Kuni hutumika za chungu kimoja, na bakuli la kuosha ni moja.

Kazi kubwa iko kwenye kumenya. Ndizi mbichi hutoa utomvu unaong'ang'ania vidoleni na kuacha weusi usiotoka kwa siku nyingi. Kwa hiyo mama hujipaka mafuta mikononi kwanza, kisha huanza: kisu kidogo, ganda linadondoka, ndizi inatumbukia majini. Anayeanza kuuza saa kumi na mbili asubuhi amekwisha kumenya mikungu kadhaa wakati wateja wake wangali usingizini.

Mabakuli yalipokwisha, nilitafiti kwa macho walioketi nami. Hakuna aliyebakiza. Mmoja alimwomba mama amwongezee mchuzi, naye akaongezewa bila kudaiwa. Hiyo nayo ni sheria ya benchi: ndizi huhesabiwa, mchuzi hauhesabiwi.

WAGENI WALIOKUWA WENYEJI

Ndugu msomaji, ukilitazama bakuli hilo utadhani kila kilichomo kimezaliwa Kagera. Sivyo. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Uliingia Afrika zamani mno, na katika nyanda za juu za maziwa makuu ukazaa aina zake za kipekee zisizopatikana kwingineko duniani. Wahaya wana majina kwa kila aina, kama enshakala na enchoncho, na wanajua ipi ni ya kupika, ipi ni ya kuchoma, na ipi ni ya kukamulia pombe.

Maharage, nyanya na pilipili vilitoka mbali zaidi, katika bara la Amerika. Watu wa nchi iitwayo leo Mexico walikuwa wakivilima maelfu ya miaka kabla mabaharia wa Kireno na Kihispania hawajavisambaza duniani. Kwa maana hiyo mkulima wa Mexico anayekula taco yake yenye maharage na pilipili, na mwashi wa Bukoba anayekula katogo, wanakula kutoka ghala moja. Tofauti ni kwamba mmoja anavifungia ndani ya mkate wa mahindi, na mwingine anavichemshia pamoja na ndizi.

Kilicho cha nyumbani hasa ni buni. Kahawa ya robusta ni mmea wa asili wa Afrika, na Wahaya waliijua kabla ya Wazungu kufika. Hawakuinywa. Waliichemsha ikiwa na ganda lake pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaianika, na kuitafuna. Mgeni alipewa kahawa kabla ya kitu kingine chochote, na marafiki waliofanya udugu wa damu waligawana buni mbili za tunda moja. Hadi leo vifurushi vidogo vya kahawa ya kutafuna huuzwa kwenye vituo vya mabasi, na msafiri hufungua kimoja baada ya katogo, safari ikaanza.

BARABARA YA MULEBA

Basi liendalo Muleba huiacha Bukoba na kuelekea kusini, likapita Kemondo penye bandari, kisha Muhutwe, huku ziwa likionekana na kupotea upande wa kushoto. Abiria mgeni huona mambo mawili yakipokezana dirishani. Kwanza ni kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba katikati yake, kijani na kivuli tupu. Kisha ni rweya, mbuga ya nyasi iliyo wazi, isiyo na nyumba wala mti mwingi.

Mtu anaweza kudhani kwamba Mungu ndiye aliyegawanya hivyo. Lakini udongo wa sehemu nyingi hapa ni wa aina moja, nao umechujwa rutuba na mvua za karne na karne. Kibanja kimekuwa kibanja kwa jasho la watu. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba; mbolea ya ng'ombe ilibebwa kutoka zizini; maganda, majani na majivu ya jikoni yalirudishwa shambani, kizazi baada ya kizazi. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Watu wa Kagera waliielewa methali hiyo kwa jembe.

Muleba ni mji wa njiani. Magari yatokayo Bukoba kwenda Biharamulo na Mwanza hupita hapa, na kwa hiyo benchi za Muleba zina haraka kuliko za Bukoba. Utingo hupiga kelele, abiria wanashuka, na mama lishe ana dakika chache tu za kuwahudumia. Wilaya hii ina visiwa vingi, kikiwamo Bumbire, na dagaa wake hufika barazani wakiwa wamekauka vizuri. Katogo ya dagaa niliyoila Muleba ilikuwa na ukali wa ndimu na pilipili, nami siichelei kuisifu.

Ukifika msimu wa mvua za mwisho wa mwaka utakuta pia senene, wadudu wale wa kijani na kahawia warukao kwa makundi usiku kufuata taa. Huchambuliwa mabawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Zamani wanawake waliwakusanya na kuwaandaa, lakini mila ikawakataza kuwala. Siku hizi mama anayewauza huonja wa kwanza yeye mwenyewe, ili mteja asiwe na shaka.

MGOMBA UKIUGUA

Kwa nini bakuli hili ni la bei ambayo kibarua anaimudu? Jibu ni kwamba ndizi hazikutoka mbali. Zimetoka kibanja cha mama mwenyewe, au cha jirani yake, zikaletwa kwa baiskeli au pikipiki. Mkungu unapopatikana kwa shida, bei ya bakuli hupanda siku ileile, au ndizi zilizomo hupungua.

Shida hiyo imekwisha kuja. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria ulitambuliwa rasmi katika mkoa wa Kagera, wilayani Muleba. Asili yake ni Ethiopia, ambako ulielezwa na wataalamu mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na kutoka huko ukavuka mpaka. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Mkungu huiva kabla ya wakati, na ukiikata ndizi utaona madoa ya kahawia ndani yake. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Ndizi hizo haziliki, wala haziuziki, na yako mashamba yaliyokwisha kabisa.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kupulizia. Hata hivyo unazuilika, na njia zake ni rahisi kwa kila familia. Wadudu huuchukua kutoka kwenye ua linaloning'inia chini ya mkungu. Kwa hiyo ua hilo liondolewe mapema, kwa kijiti chenye panda wala si kwa kisu. Panga na visu huueneza kutoka shina hadi shina. Basi visafishwe kwa moto au kwa dawa ya madoa kila baada ya mgomba mmoja. Shina lililougua liondolewe mara moja. Na machipukizi ya kupanda yasichukuliwe kutoka shamba lisilojulikana afya yake, hata kama ni la ndugu.

Wengi wetu tulioko mijini, Mwanza, Dar es Salaam au kwingineko, tunarudi Kagera wakati wa Krismasi na wa misiba, na tukiondoka tunabeba mikungu na machipukizi. Tahadhari hii basi si ya wakulima peke yao.

MIKONO ILIYO NYUMA YA BAKULI

Lakini liko jambo la pili linalolifanya bakuli liwe rahisi, nalo husemwa kwa nadra: mama lishe hajilipi mshahara. Kuamka kwake usiku, kumenya, kuchota maji, kuosha mabakuli, na watoto anaowaacha nyumbani na dada yao mkubwa, vyote havimo katika bei. Kinachobaki jioni hutoa ada ya shule, sabuni, na fungu la mchezo wanaochangiana akina mama, kila mmoja akipokea kwa zamu yake. Wafanyakazi wengi wamelishwa kwa miaka mingi na watu ambao hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi.

Tena kuna nyakati walihesabiwa kuwa kero. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvukazi, wauzaji wengi wadogo wa mijini waliwekwa kundi moja na wazururaji. Mambo yalibadilika baadaye. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kimoja kwa shilingi 20,000, ili wasisumbuliwe. Mwaka 2021 wengi waliondolewa tena kandokando ya barabara mijini na kupelekwa maeneo yaliyotengwa.

Utaratibu ni jambo jema. Hakuna apendaye benchi linaloziba njia ya wagonjwa au mtaro wa maji. Lakini benchi la chakula ni kama mgomba: lina udongo wake. Udongo huo ni mlango wa soko, kituo cha basi, lango la karakana. Ukilihamishia mahali pasipopita mtu, utakuwa umelipanda changaraweni. Eneo linalotengwa na liwe na maji ya bomba, choo, paa, na juu ya yote liwe pale walipo walaji.

Nao akina mama wana wajibu wao. Ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia iwe mbele ya benchi, si nyuma. Mabakuli yaoshwe kwa maji yanayobadilishwa. Chakula kifunikwe na kitolewe kikiwa moto. Katika mikoa ya ziwa tunajua kipindupindu ni nini, na mteja mwenye akili hutazama ndoo kabla ya kutazama sufuria.

Wajibu wetu sisi walaji ni mdogo kuliko wote: kulipa siku ileile. Daftari la madeni la mama lishe lina majina ya watu wenye mishahara. Bakuli moja lisilolipwa ni faida ya mabakuli kadhaa iliyopotea, na madeni ya mwezi mmoja yanatosha kulizima jiko. Atakayepita Bukoba au Muleba basi na akae, ale katogo, aombe mchuzi wa nyongeza kama wenyeji wafanyavyo, na kabla ya kuinuka aweke fedha mezani.