Ndege wa Chemba

Mtama ulipokuwa ukikomaa tulialikwa na rafiki yetu, tukakaa siku tatu shambani mwake huko Chemba. Tulilala katika nyumba ndogo ya magurudumu, iliyokokotwa na motokaa hata chini ya mbuyu. Alfajiri tulifungua dirisha, tukawaona kwezi wa rangi ya majivu na kasuku wadogo wenye ukosi wa manjano, ambao asili yao ni Tanzania tu. Tukafurahi mno.

Siku ya pili kwelea kwelea walishuka kama wingu. Tukatoka mbio kuwatazama. Kumbe mtoto wa mwenyeji wetu yu juu ya dungu, kombeo mkononi, sauti imemkauka. Tukamwuliza, “Mwanangu, mbona hukwenda shule?” Akajibu, “Mwalimu, nikienda, tutakula nini?”

Kwelea kwelea mmoja hula yapata gramu 10 kwa siku. Basi wakiwa milioni 1 humaliza tani 10. Tukaona haya, kwani tamasha letu lilikuwa njaa ya wenzetu. Kesho yake tulipanda dunguni sisi, mtoto akaenda kusoma.

Ndugu msomaji, ukiwasifu ndege wa jirani, uliza kwanza ni nani alindaye mtama wake.