Bidoni la Maji ya Mvua

Samaki wa tano alikufa Jumapili. Jumatatu alfajiri nilikuwa ndani ya gari la Uvira, nimepakata bidoni la lita tano lenye maji ya tangi langu.

Tangi hilo la kioo, la lita 200, nilitengenezewa na fundi wa madirisha wa Kadutu. Nililijaza maji ya mvua niliyokinga chini ya bati. Bukavu mvua haimnyimi mtu, na niliamini hakuna maji masafi kuliko hayo. Samaki niliwanunua kwa dereva mmoja aliyewapandisha kutoka ziwa Tanganyika: weusi, kila mmoja na mshipi wa rangi ya chungwa ubavuni, wale ambao wataalamu huwaita Tropheus. Baada ya miezi miwili kioo kiligeuka kijani. Nikasugua, siku ya tatu ukoga ukarudi. Nikatoa mawe yote, nikayapiga brashi mpaka yakang'aa. Samaki nao niliwalisha kwa moyo wote, unga wa dagaa wakavu waitwao sambaza, mara tatu kwa siku. Wakavimba matumbo, wakagoma kula, wakaanza kuelea mmoja mmoja.

Nilikuwa sijawahi kuuteremka mlima wa Ngomo. Barabara imechongwa ubavuni, magurudumu yanakanyaga changarawe ukingoni, na bonde liko pale pale chini ya dirisha. Mama aliyekaa jirani yangu alishika rozari tangu Nyangezi, hakuiachia mpaka Kamanyola. Hapo nilivua koti. Joto la bonde la Ruzizi linakupokea kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Luvungi, Sange, kisha miwa ya Kiliba, na mto muda wote uko upande wa kushoto. Mto huo nimeuvuka mara nyingi pale mpakani na Rwanda. Unatoka ziwa Kivu, kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, unaingia Tanganyika kwenye mita kama 770. Sikuwahi kujiuliza unabeba nini.

Mzee niliyeelekezwa kwake anaishi Pemba, kusini mwa Uvira, ambako mawe makubwa yanaingia ziwani. Alijifunza kupiga mbizi miaka ya 1970, enzi ambazo Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki wa ziwa hili kwenda Ulaya kutoka Bujumbura, ng'ambo ya maji. Nilimwambia, "Papa, nimekuletea maji yanayoua samaki." Hakucheka. Aliomba chupa mbili tupu na kipande cha sabuni ya kufulia.

Chupa moja aliitia maji yangu, nyingine maji ya ziwa. Akakwangua sabuni kwa kisu, kiasi kile kile kila chupa, akazitikisa pamoja. Ya kwangu ilijaa povu hadi shingoni, likasimama. Ya ziwa ilitoa povu jembamba lililozama upesi, na maji yakabaki na utusitusi kama ya kuoshea mchele. "Hapo umeona, mwanangu," alisema. "Yako hayana kitu ndani."

Maji ya mvua hayana madini ya kuyashikilia, kwa hiyo uchafu wa samaki huyavuta haraka kuelekea asidi. Tanganyika ina magnesi, sodiamu, potasiamu na kabonati tele, na pH yake inakaribia 9. Sehemu kubwa ya chumvi hizo huletwa na Ruzizi. Kivu imelala kwenye nchi ya volkano, na maji yake ya juu yana chumvi karibu mara mbili ya yale ya Tanganyika. Dawa ya samaki wangu ilikuwa inapita chini ya daraja la mji wangu usiku na mchana.

Kisha akanipeleka ukingoni, baada ya kuchungulia kwanza kama hakuna kiboko wala mamba. Nililala kifudifudi juu ya jiwe. Chini ya maji kila jiwe lilikuwa limevaa mwani, mfupi na mzito kama zulia, na juu yake samaki wale wale weusi wa mshipi wa chungwa wakichuna. Walikuwa wakisogea hatua ndogo, mdomo ukigusa na kubandua, jiwe hadi jiwe. Nilitazama mpaka jua likaniunguza mgongo. Wana meno mengi madogo ya kunyofolea mwani, na utumbo mrefu wa mla majani. Mimi nilikuwa nimewasugulia chakula chao nikakitupa, nikawapa nyama. Unga uliobaki ulioza, ukarutubisha maji, na dirisha langu la mashariki likatoa jua la kuotesha ukoga laini uliofunika kioo. Roho iliniuma sana pale juu ya jiwe.

Mzee alinionya jambo moja, akalirudia mara mbili: nisibadilishe maji yote kwa siku moja. Samaki hutoa amonia. Katika maji yenye asidi amonia hiyo huwa imelala, lakini pH ikipanda ghafla inageuka sumu kali, na tangi zima linaweza kufa usiku mmoja.

Nilirudi na jiwe moja ndani ya bidoni, limefunikwa kitambaa kibichi, mwani ukiwa juu yake. Bukavu nilimwomba mvuvi wa sambaza anichotee maji ya Kivu mbali na ufuko, mifereji ya mji isikofika. Nusu Kivu, nusu mvua: ndoo moja kila wiki, huku nikitoa ndoo moja ya maji ya zamani. Dirisha nililiwekea pazia. Sambaza nikaacha. Kioo cha mbele tu ndicho nilichoendelea kukifuta.

Wiki ya sita nilikuta alama ndogo nyeupe juu ya jiwe la Pemba, safu kwa safu, kama kucha za mtoto kwenye udongo laini. Samaki watatu waliobaki walikuwa wameanza kuchuna.